Thames kwa Chakula cha Mchana: Inategemea Umempeleka Nani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama safari ya boti yenye chakula cha mchana katika mto wa mjini ni starehe ya kweli au ni njia tu ya kuwakamua watalii. Limenigusa, lakini naona limemfikiria mtu mmoja tu, yaani yule anayekuja, anapiga picha na kuondoka. Sisi tunaoishi London hatuzipandi boti hizo kwa kupenda kwetu. Tunazipanda kwa sababu tumefikiwa na mgeni kutoka nyumbani na tunaona haya kumrudisha bila kumwonyesha mto Thames. Kwa hiyo niruhusuni nisijibu kama boti hizo ni nzuri au mbaya, bali nijibu ni nani anayefaa kupelekwa na akishafika aonyeshwe nini, maana hapo ndipo panaponiuma.

Niseme mapema kwamba msimamo wangu ni kuwa chakula na mto havikai meza moja. Boti inang'oa kamba mchana, mnakaribishwa kwa kinywaji, na kabla hamjatulia vitini Bunge limekwisha kuwa nyuma yenu. Sahani ya kwanza inaletwa mkiwa karibu na Daraja la Waterloo, ya pili inaletwa mnapolikaribia Daraja la London, na vitamutamu vinawakuta mkiwa njiani kurudi. Katika muda huo wote mto unakupitishia karibu kila kitu ulichokilipia, nawe umeinama unamtenga samaki na mchuzi wake mweupe. Anayetaka kula vizuri, London haina upungufu wa mikahawa isiyotikisika. Anayetaka kuuona mto, zipo boti za abiria za kila siku ambazo nauli yake hulipwa kwa kadi ile ile ya Oyster tunayopandia basi na treni, na zinapita chini ya madaraja yale yale kwa sehemu ndogo ya bei.

Kinachonikera kuliko bei, hata hivyo, ni maelezo ya kipaza sauti. Hukosi kusikia kisa cha tajiri wa Marekani, Robert McCulloch, aliyelinunua Daraja la London la mwaka 1831 na kuyasafirisha mawe yake hadi Lake Havasu City, Arizona, eti akidhani ananunua Tower Bridge. Abiria wanacheka, na hakuna anayewaambia kwamba mwenyewe alikanusha jambo hilo. Wala hakuna anayewaambia kwamba ukishalipita Tower Bridge, nyuma ya majengo ya ukingo wa kushoto, ipo bandari ndogo ya St Katharine Docks iliyofunguliwa mwaka 1828 baada ya watu zaidi ya 11,000 kuondolewa katika makazi yao, na kwamba ndani yake bado limesimama jengo liitwalo Ivory House, ambalo zamani lilikuwa ghala la pembe za ndovu. Katika karne hiyo Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na London ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa, kwa hiyo si vigumu kukisia nyingine zilipitia mikono ya nani, zikatoka bara mabegani mwa nani. Ng'ambo ya pili ya mto, mtaa wa Shad Thames, yalikuwapo maghala ya viungo, na hadi leo mojawapo ya majengo ya mtaa huo linaitwa kwa jina la karafuu. Mwaka 1842 Sultana, merikebu ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ile iliyokwenda New York miaka miwili kabla yake, iliingia London ikiwa na mjumbe wake Ali bin Nasser. Mtu wa kwetu akipita hapo anapita mbele ya mlango wa mteja wa mababu zake, lakini kipaza sauti kinamsimulia kuhusu baa ambamo maharamia walikuwa wakilewa.

Kwa sababu hizo nilikusudia kuandika aya tatu tu, niwaambie wasomaji wasitoe fedha zao, kisha niweke kalamu chini. Tatizo ni kwamba siwezi kuwa mwadilifu katika jambo hili bila kumtaja Ami.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa serahangi katika meli zinazokwenda baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam, akastaafu magoti yake yalipoanza kugoma. Alipokuja kututembelea, mwanawe aliyeko Muscat ndiye aliyetununulia tiketi za boti bila kuniuliza, akaagiza kabisa tuletewe samaki na mboga badala ya nyama, ili tusiwe na mashaka ya halali. Nisingezinunua mimi. Lakini zawadi ya mtoto kwa mzazi wake haikataliwi, basi tulivaa makoti mazito tukaenda, Ami akiwa na kofia yake ya vito juu na skafu yangu shingoni.

Tulianza kuchelewa palepale kwenye gati. Magati ya Thames yanaelea. Yanapanda maji yakijaa na kushuka yakipwa, na daraja dogo linalounganisha ukingo na gati hubadili mwinamo wake kulingana na hali ya maji. Tulifika maji yakiwa yamekwisha kupwa sana, hivyo daraja lile lilikuwa limeinama kama ngazi ya minaretini, na Ami aliteremka kwa hatua za upande, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine begani kwangu, huku foleni ikijikusanya nyuma yetu. Mimi nilikuwa nimejaa aibu na hofu. Yeye alipofika katikati alisimama, si kwa kuchoka, bali alikuwa anaangalia ukuta wa ukingo, ambako ukungu wa kijani unaonyesha maji yanafika wapi yakijaa. Alipima kwa macho, akaniambia kwamba hapa ni karibu pima nne, na kwamba bamvua la Unguja, kwa ukali wake wote, halifiki hapo. Baadaye nilihakikisha: tofauti ya maji kujaa na kupwa katikati ya London hufika mita 7 hivi. Nilikuwa nimeyapita maji hayo kwa treni na kwa mguu tangu nihamie hapa, nikiyahesabu kuwa ni mto, na sikuwahi kufikiri kwamba ni mkono wa bahari unaopumua mara mbili kwa siku hadi kwenye malango ya Teddington, magharibi mwa London, ambako maji ya bahari hukomea.

Tulipokaa mezani, sauti iliyorekodiwa ilitoa maelekezo ya usalama huku wahudumu wakimimina divai, na sidhani kama watu watano katika chumba kile waliyasikiliza. Ami aliyasikiliza yote, ingawa Kiingereza chake ni cha bandarini, kisha akaniambia nimwite kijana mmoja wa boti, si mhudumu wa chakula, ila mtu wa kamba. Alipokuja, Ami aliomba kuonyeshwa majaketi okozi yalipo. Nilitafsiri nikitarajia kijana atabasamu kwa adabu na kuonyesha kwa kidole. Hakufanya hivyo. Alituomba tuinuke kidogo, akafungua kisanduku chini ya benchi ya jirani, akatoa jaketi moja, akamwonyesha Ami kifungo, filimbi na taa yake ndogo. Ami aliligeuza, akatazama mshono, akauliza kama idadi yake inalingana na idadi ya abiria. Kijana akajibu kuwa inazidi. Wanawake wa meza iliyofuata walituangalia kama watu tuliokuja kuharibu sherehe, mmoja akasogeza glasi yake.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini. Mwaka 2011 tulikuwa na msiba wa kuzama kwa meli ya Spice Islander, na kabla mwaka haujatimia tukawa na ule wa Skagit. Ami alikuwa amekwisha kustaafu, lakini waliokuwa wakifanya kazi melini walimjua, na simu yake usiku ule wa Septemba haikunyamaza. Alinisimulia hayo kwa maneno machache sana huku akikunjua kitambaa cha mezani, kisha akaomba chumvi.

Nikamweleza kwamba hata mto huu una msiba wake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, boti ya starehe iliyoitwa Marchioness, iliyokuwa na watu waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa, iligongwa na meli ya kuchota mchanga, Bowbelle, karibu na daraja la reli la Cannon Street, wakafa watu 51. Uchunguzi uliofuata ulichukua miaka mingi kutimia, na ni kutokana na mambo hayo kwamba tangu mwaka 2002 vikosi vya uokoaji wa majini vya RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini, viliwekwa katika Thames yenyewe, si baharini tu. Kituo kimojawapo kinaelea palepale kando ya Daraja la Waterloo, na tulipokipita Ami alikitambua kwa rangi ya boti zake kabla sijamwambia. Kipaza sauti wakati huo kilikuwa kinasimulia Sindano ya Cleopatra, mnara wa jiwe kutoka Misri uliosimama ukingoni. Sikatai kwamba lile ni jiwe la kale na lina haki yake. Lakini watu wanaokula juu ya maji wanastahili kujua ni nani atakayewajia wakizama, hata kama habari hiyo haisaidii kuuza divai.

Chakula kilipowekwa, Ami alikula samaki wake bila kulalamika, akaviacha viazi, na tangu hapo sikumwona tena akitazama jengo. Alikuwa akitazama maji. Tulikuwa tunashuka na maji ya kupwa, na mbele yetu ilikuja boti nene ya kukokota ikivuta matishari yaliyopakiwa makontena ya njano. Aliniuliza ni shehena gani. Nilimwambia ni taka za mji. Husombwa kwa mto hadi Belvedere, mashariki mwa London, huko zikachomwa kuzalisha umeme. Aliacha uma. Alitaka kujua matishari yamefungwaje, kamba ngapi, na nahodha anafanya nini mkondo unapomsukuma kuelekea nguzo za daraja. Nami nilikuwa sina jibu hata moja, lakini yule kijana wa kamba, ambaye sasa alikuwa anapita kwetu bila kuitwa, alikuwa nayo. Alituambia kwamba matishari husafiri na mkondo kwa kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kupigana nao ni kupoteza mafuta. Taka za jiji lote zilikuwa zinapita mita chache kutoka kwenye vitambaa vyeupe vya meza, na hakuna mwingine aliyeinua kichwa.

Kwenye Tower Bridge Ami alisubiri lifunguke. Nilimweleza kwamba halifunguki kwa boti fupi kama yetu. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1894, huinuliwa mara 800 hivi kwa mwaka, na chombo chochote chenye mlingoti au muundo unaofika mita 9 kina haki ya kuomba lifunguliwe bila malipo, ilimradi kitoe taarifa saa 24 kabla. Magari husimama, na meli hupita. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote alichokiona Uingereza, hata kuliko nyumba ya mfalme. Alitaka nithibitishe kwamba ni bure kweli. Kisha akasema kwamba jahazi moja la Unguja lingetosha kuyasimamisha mabasi yote yale mekundu, akacheka hadi macho yakamtoka machozi, na safari hii wanawake wa meza ya jirani wakacheka naye bila kujua anacheka nini.

Hapo ndipo nilipomwonyesha upande wa St Katharine na kumweleza habari za ghala la pembe. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu, kwa kuwa ni jambo ninalolisimulia kwa kila mgeni, na nilitarajia angalau anyamaze kidogo. Aliniuliza bandari ile leo inafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba ni maegesho ya boti za matajiri, aliuliza wanatozwa kiasi gani kwa siku, na kama wanatozwa kwa urefu wa chombo. Historia yangu iliishia hapo.

Boti iligeuka mbele kidogo ya hapo, na huo ndio wakati ninaoukumbuka vizuri zaidi. Nahodha aliipunguza mwendo, akauacha mkondo ukamate tezi, yaani nyuma ya boti, na boti ndefu ile ikazunguka karibu mahali pamoja hadi omo, yaani mbele yake, ikaelekea tulikotoka, na sahani hazikutikisika. Ami aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akafuata mzunguko ule kwa mabega yake kama anayeshika usukani mwenyewe. Ulipotimia, alisema neno moja tu, "Anajua." Tangu hapo tulikuwa tunapanda mkondo, mwendo ukawa wa taratibu, na muda wa kurudi ukawa mrefu kuliko wa kwenda. Mtoa maelezo alikuwa amekwisha kumaliza vichekesho vyake akanyamaza. Hapo mto ulianza kuonekana: vijiti vya magati ya zamani vimejitokeza topeni, watu wawili wakiokota vitu ufukweni, kunguru wa majini wamekausha mbawa juu ya maboya. Mto huu huu ndio ambao mwaka 1858 harufu yake iliwashinda wabunge, hata Joseph Bazalgette akaamriwa kuwajengea mifereji mikubwa ya majitaka na kuta za mawe tunazoziona hadi leo. Mwaka 1957 wataalamu waliutangaza kuwa umekufa, hauna uhai ndani yake, na sasa una samaki wa aina zaidi ya 100 na hata sili wanaonekana. Ami hakuamini habari za sili, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Nikiyasoma niliyoyaandika naona nimejipinga mwenyewe, kwa sababu karibu yote niliyoyasifu yalitokea mezani. Kama ningempeleka Ami kwa boti ya Oyster, kama ninavyowashauri wengine, angesimama au angebanwa kwenye kiti cha katikati, asingepata mtu wa boti mwenye nafasi ya kumfungulia kisanduku, na magoti yake yangetuteremsha gati la pili. Chakula kile, ambacho bado nasema hakikuwa na ladha inayolingana na bei, ndicho kilichomkalisha karibu na dirisha katika chumba chenye joto, choo kikiwa hatua chache nyuma yake, kwa muda wa kutosha kuuona mkondo ukigeuzwa kuwa kazi. Na mimi, ambaye nyumbani humsikiliza huku nikipika au nikijibu simu, nilikuwa sina pa kwenda.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba lipeni, lakini mlipe kwa ajili ya mzee, si kwa ajili yenu, na msidanganyike kwamba mnalipia mandhari. Kijana mwenye miguu mizima na hamu ya picha apande boti ya kawaida, au aende Woolwich, ambako kivuko kimekuwa kikiwavusha watu na magari bure tangu mwaka 1889. Anayekumbuka Likoni atajiona yuko nyumbani, isipokuwa baridi. Wenye watoto wadogo sijui niwaambie nini, maana mezani hawatakaa na juu kuna upepo. Na kama mgeni wako ni mtu wa kwenda kwa majina makubwa, ambaye atafurahi kwa kuambiwa "lile pale ni Bunge", basi kipaza sauti kitamtosha na mimi nimewachosha bure.

Masharti yangu ni machache, nayo sikuyaona yameandikwa kwenye tiketi. Agizeni samaki au mboga siku kadhaa kabla, kwa maandishi, kwani ukifika utaambiwa jiko limekwisha kufungwa. Ombeni meza ya dirishani upande wa kusini wakati wa kwenda, ikiwa mnaweza, kwani upande huo maghala ya zamani yako karibu zaidi na maji. Zaidi ya yote, tazameni jedwali la maji kabla ya kuchagua siku, mchague saa ambayo maji yamejaa, ili daraja la gati liwe tambarare na mzee apite bila kushikwa. Ingawa nikiwa mkweli, maji yakiwa yamejaa hataiona ile alama ya kijani ukutani, na sijui Ami angechagua lipi. Mwanawe amekwisha kusema kutoka Muscat kwamba akija tena atatununulia tiketi za chakula cha usiku. Hizo nitazikataa, kwa kuwa usiku huoni mkondo na bei ni maradufu.

Msomaji wenu,
London ya Mashariki